Kamati ya Harusi Nisiyoulizwa

Habari za harusi yangu nilizipata kutoka kwa msichana aliyekuja kupimwa kiuno.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida sokoni Jericho. Cherehani zangu tatu zilikuwa zinalia, redio ya muuza mapazia wa jirani ilikuwa inazishinda, nami nilikuwa nimeinamia suruali ya mteja mmoja ambaye ananenepa kila mwezi halafu ananilaumu mimi. Whitney akaingia kibandani na wenzake watatu, amebeba mfuko wa kitambaa cha zambarau. Whitney ni dada mdogo wa Sylvance. Na Sylvance ni yule mwanaume niliyempenda tangu akiwa kiungo wa timu ya mtaa, anacheza na viatu vya kuazima, mpaka leo ambapo ni kocha mkuu wa klabu moja huko kaskazini mwa Uswidi.

"Niaje shem," Whitney akasema. "Tumekuja kupimwa. Nguo za wapambe."

"Karibuni. Harusi ya nani?"

Wasichana wakacheka. Whitney naye akacheka, mpaka aliponiangalia vizuri usoni.

"Manze shem, usinibebe ufala. Si ni yako."

"Yangu na nani?"

"Na bro. Kwani kuna mwingine?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa moja moja, nikazichomeka kwenye kimto, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo kwa haraka nitasema jambo ambalo Whitney atalifikisha kwa mama yake kabla ya chakula cha mchana.

"Hajakwambia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Tuliongea jana. Aliniambia kuna baridi. Aliniambia amenunua sufuria."

"Labda alitaka kukushtukiza."

"Basi amefaulu."

"Kamati inakutana Jumamosi, hapo holi ya Umoja. Anko Zedekiah ndiye mwenyekiti. Bro anatua Ijumaa, na amesema kila mtu ajue nafasi yake kabla hajafika."

Hapo ndipo nilipoamini, maana hayo yalikuwa maneno yake kabisa. Nikachukua futi yangu nikawapima wote wanne. Mteja ni mteja, na kile kitambaa kilikuwa kizuri, Mungu anisamehe.

Sylvance hakuwa hivi zamani. Alipoondoka kwenda Ulaya alikuwa kijana wa kuuliza kila kitu. Avae nini uwanja wa ndege, aseme nini wakimkaribisha, apike vipi ugali kwa unga wa kule. Alicheza vizuri misimu miwili, kisha goti likaharibika, likapasuliwa, likaharibika tena. Ningedhani atarudi nyumbani. Badala yake akaanza kufundisha watoto wa klabu, halafu vijana, halafu akawa msaidizi, na mwaka jana wakampa timu yenyewe. Na tangu siku aliyopewa filimbi, yule mtu akaacha kuuliza, akaanza kuniamuru, mimi Miri wake. Miri, kunywa maji kabla ya kulala. Miri, Jumapili usifungue kibanda, pumzika. Miri, yule fundi wako wa vifungo mwondoe, anakurudisha nyuma. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi huwa amesema kweli.

Niliporudi nyumbani mtaa wa Uhuru, nilimkuta mama akikata sukuma wiki kwa nguvu kuliko mboga ile ilivyohitaji. Nikajua habari imenitangulia.

"Nimesikia kwa Mama Gitonga, kwenye mboga," akasema bila kuinua kichwa. "Ananiuliza sisi tutavaa rangi gani. Mimi nasimama pale kama mgonjwa, sina jibu."

"Hata mimi nimesikia leo, mama."

"Wangeci," akaniita kwa jina la nyumbani, "hao watu wamewahi kuketi hapa kwangu?"

"Bado."

"Wamewahi kunywa chai yangu?"

"Sylvance amekunywa."

"Sylvance amekunywa tangu akiwa kijana anakuja kushonewa kaptura. Mimi nauliza wazee wake. Mtu huja na wazee. Wanaketi, wanasema wametumwa na nini, halafu mimi nakuita, nakuuliza mbele yao kama unawajua. Ukisema unawajua, ndipo watu waanze kupanga sufuria za pilau. Hawa wameanzia kwa sufuria." Akaweka kisu chini. "Na usiniambie ni mambo ya kabila. Hayo tuligombana tukamaliza. Mimi sina neno na Mjaluo. Nina neno na mtu asiyebisha hodi."

Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa akapiga simu kutoka uwanja wa ndege. Moyo wangu, huo mjinga, uliruka vilevile unavyoruka kila anapotua.

"Nimefika, Miri."

"Karibu nyumbani."

"Kesho holini mchana. Usichelewe, tafadhali, kuna mambo mengi. Vaa ile nguo ya kijani."

Nikakata simu. Kesho yake nikavaa ya kahawia.

Sitasema uongo, nilipomwona amesimama mbele ya lile holi nilisahau hasira yangu kwa muda. Alikuwa amevaa shati jeupe, mikono ameikunja, nywele zimeanza mvi kidogo pembeni ambazo kwenye simu hazionekani. Aliinua macho akaniona mlangoni. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda na njaa, na mimi nikamwangalia hivyohivyo, na tungekuwa peke yetu pengine hadithi hii ingeisha vibaya zaidi. Halafu watu wakageuka wakaanza kupiga makofi, na nikaona ubao nyuma yake.

Alikuwa amechora uwanja wa mpira. Tobias, rafiki yake aliyecheza naye, alikuwa golini, kwa sababu ni mweka hazina na hakuna kitu kinachotakiwa kumpita. Watu wa magari walikuwa pembeni kushoto na kulia. Wapishi walikuwa ulinzi. Mimi nilikuwa mshambuliaji wa kati. Na mama yangu mzazi, aliyenizaa, alikuwa ameandikwa chini kabisa, benchi.

"Mama yuko benchi?" nikamnong'oneza Whitney.

"Ni kwa sababu hajathibitisha," Whitney akanong'ona. "Mimi nilimwambia bro asiandike."

Anko Zedekiah alifanya kazi ofisi za reli mpaka akastaafu, na mkutano usiofuata utaratibu humuumiza kabisa mwilini. Akafungua kwa maombi. Akatambulisha wageni. Akasoma yatokanayo, ingawa huo ulikuwa mkutano wa kwanza na hakukuwa na cha kutokana. Sylvance akasimama akaeleza kila nafasi, anatembea huku na huku, anaonyesha kwa kidole, anamwambia Tobias ongea na wapishi, anawaambia wapishi muongee na Tobias. Watu wazima walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Nilikaa pale nikiwa na mikono mapajani, nikipangiwa maisha yangu na watu waliokuwa wakila biskuti.

"Mengineyo," Anko Zedekiah akasema mwishoni.

Nikainua mkono.

"Bibi harusi," akasema akitabasamu. "Sema, mwanangu." Makofi yakalia tena.

"Asante mwenyekiti. Naomba kamati inisaidie kidogo. Kuna mtu hapa anayejua niliposwa lini?"

Makofi yakafa. Tobias akaanza kujikuna shingo. Anko Zedekiah akatazama karatasi zake, kisha akamtazama mpwa wake kupitia juu ya miwani.

"Sylvance?"

"Hilo nitaongea naye baadaye," Sylvance akasema, na ilikuwa ile sauti ya kando ya uwanja. "Miri, keti kwanza."

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba swali langu liandikwe kwenye kumbukumbu." Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Sylvance alinikuta nyuma ya holi, karibu na tangi la maji. Kanisa la jirani kwaya yake ilikuwa inafanya mazoezi, wanarudia mstari mmoja tu, na sauti ya tatu inakosea palepale kila mara.

"Haikufaa unifanyie vile mbele ya watu," akasema.

"Mbele ya watu?" Nilicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. "Sylvance, Mama Gitonga wa mboga alijua ninaolewa kabla yangu. Whitney alijua. Kuna msichana pale ndani simjui hata jina, nimempima makalio, naye alijua."

"Nilikuwa na haraka."

"Ya nini?"

"Nimesaini mkataba mpya. Miaka mitatu." Akasema hivyo kwa upole, na niliona ana furaha anaificha. "Klabu imetupa nyumba, Miri. Sio chumba. Nyumba ya familia. Kuna chumba kimoja kina dirisha kubwa, nikakiona nikasema hiki ni cha cherehani. Nikakwambia nimenunua sufuria. Hukuelewa?"

"Kwa hiyo sufuria ndiyo ilikuwa posa."

"Usinicheze."

"Wewe ndiye unanicheza. Tunaenda lini kwenye hiyo nyumba yetu?"

"Mazoezi yanaanza Januari. Niliwaambia tutafika wote wiki ya kwanza."

"Januari."

"Ndiyo."

"Sylvance, mimi hufanya kazi gani?"

"Unashona."

"Januari nashona nini?"

Nikamwona anatafuta, na nikamwona anapata.

"Sare," akasema.

"Sare za shule. Shule zinafunguliwa, mtaa mzima unapanga foleni kibandani kwangu, silali, mafundi wangu hawalali. Mwezi ule ndio unanilisha mwaka mzima. Mimi najua ligi yenu inaanza lini, inaisha lini, najua dirisha la usajili linafungwa lini, na mpira wenyewe siupendi. Wewe mwezi wangu mmoja umeshindwa kuukumbuka."

"Huko utashona. Watu wanavaa nguo hata kule."

"Watanijua nani?"

"Watakujua polepole. Mimi nani alinijua?"

Hilo lilikuwa kweli na nililijua, na ndiyo sababu lilinikasirisha. Kwaya ikakosea tena.

"Unakumbuka walivyokuondoa kwenye timu ulipokuwa mchezaji?" nikamwuliza.

Uso wake ukabadilika. "Hayo yanahusiana nini?"

"Ulienda mazoezini asubuhi ukamkuta yule mzee wa jezi ameshaondoa jina lako kabatini. Kocha hakuwa amekwambia. Wachezaji walijua, mpishi alijua, mzee wa jezi alijua. Ulinipigia simu ukiwa umekaa chooni kwa sababu ndiko pekee hakukuwa na mtu. Ulilia, Sylvance. Uliniambia kukatwa si kitu, kinachouma ni kwamba kila mtu alijua maisha yako isipokuwa wewe. Uliniambia ukiwa kocha hutawahi kumfanyia mtu hivyo."

Mkono wake ulishuka kwenye goti, akalisugua, kama afanyavyo akichoka.

"Sijawahi kumfanyia mchezaji," akasema mwishowe.

"Najua."

"Kila Ijumaa nawaita mmoja mmoja. Namwambia mtu mzima, ana watoto, kesho huchezi, na sababu ni hii. Wengine wananitukana. Naenda nyumbani nalala vizuri."

"Basi mimi ulishindwa nini?"

Akajibu akiangalia tangi.

"Mchezaji akisema hapana, kuna mwingine. Wewe ukisema hapana, mimi sina mwingine." Akagonga tangi kwa kidole. "Nikafikiria, nikikuuliza peke yako, utaniambia kibanda, utaniambia mama, utaniambia mafundi. Na nitakosa la kusema. Lakini kama watu wameshakusanyika, Anko ameshakaa, nguo zimeshapimwa..."

"Nitaona aibu kukataa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulinizingira."

"Ndiyo," akasema. "Nilikuzingira."

Ningependa kusema nilimpiga kofi. Nilitaka. Lakini alikuwa amesimama pale amelegea mabega, mtu ambaye wanaume wazima kule hunyamaza akiingia, na nilimpenda mpaka nikajichukia. Miaka yote hiyo nimekuwa nikidhani haulizi kwa sababu ana uhakika.

"Niulize," nikasema.

"Sasa hivi? Hapa?"

"Ulitaka uwe umevaa nini?"

Akafuta viganja vyake kwenye suruali. Nilimwona akifuta hivyo zamani kabla ya kupiga penalti, na hata wakati huo mikono haikuwa na kazi.

"Mirriam Wangeci," akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule kijana wa viatu vya kuazima. "Ninaomba nikuoe. Ninaomba uje tukaishi wote kule. Umekubali?"

"Hayo ni maswali mawili."

"Ni moja."

"Ni mawili, Sylvance. La kwanza, ndiyo."

Alipiga hatua kunijia na nikainua mkono, kwa sababu akinishika ningeshindwa kumalizia.

"Ngoja. La pili, hapana. Januari siendi. Na sijui kama ni Aprili, na sijui kama ni mwaka ujao. Mama ni mzee. Kibanda nimekijenga mimi, hakuna aliyenishikia hata msumari. Labda nitataka kuja. Labda nitakuja nione hilo dirisha kisha nirudi. Sijui. Nikijua nitakwambia wewe kwanza, kabla ya Mama Gitonga."

Niliona amri inamjia. Niliiona kabisa, imefika kwenye meno, Miri fanya hivi, Miri panga vile. Akaizuia. Ilimgharimu, mshipa wa shingo ulisimama.

"Basi nifanye nini?" akaniuliza.

Sikumbuki aliwahi kuniuliza hivyo tangu awe kocha.

"Njoo kwa mama. Njoo na Anko na wazee wengine, muombe ruhusa ya kuja kwanza, mketi, mnywe chai. Ubao uache nyumbani. Mama hakai benchi."

"Niliandika kwa sababu hajathibitisha."

"Sylvance."

"Sawa. Na hawa waliomo ndani?"

"Hao ni wako. Wewe ndiye uliyewapanga."

Akaniangalia kwa muda. Kisha akanyoosha mkono polepole, akanigusa shavu kwa nyuma ya vidole, akarudi holini akichechemea kidogo. Mimi nikazunguka hadi ngazi za mbele, chini ya dirisha, na sioni aibu kusema nilisikiliza.

"Samahani," nikamsikia akisema. Viti vikakwaruza. "Nilikosea. Nimewaita hapa na sikuwa nimemuuliza Mirriam. Nimemuuliza sasa."

"Akasemaje?" Huyo alikuwa Whitney, sauti imepanda.

"Amekubali nimuoe. Hajakubali kuhama. Harusi haina tarehe, na mimi Januari nitarudi kule peke yangu. Futeni kila kitu kwenye ubao."

Minong'ono ikazagaa. Nikamsikia Anko Zedekiah akigonga meza.

"Na wewe umemjibuje?"

"Nitangoja."

"Kocha," Tobias akauliza, "mpaka lini?"

"Hajui. Na mimi sijui."

"Sasa hilo," Anko Zedekiah akasema taratibu, "unataka tuliandike?"

"Liandike, Anko. Andika jina langu kamili."

Miaka yote ile, majaribio ya timu, mkataba wa kwanza, goti, upasuaji, Disemba alizosema anakuja na hakuja, aliyekuwa akingoja ni mimi. Kungoja nakujua. Najua kunavyomfanya mtu aangalie simu akiwa anaoga, aanze kujibu watu vibaya, alale na hasira aamke na hofu. Nilitaka kuinuka niingie nimwambie asijaribu, kwamba hajui anachokiahidi. Badala yake nikaketi pale kwenye ngazi, nikalia, nikamwacha aanze kungoja.